Siku moja gereji: kutafuta thamostati sahihi ya gari la zamani

Saa 1:30 asubuhi. Kazi ya thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto na kuachia maji ya injini yaende kwenye rejeta, naipanga ya kwanza kwa sababu inataka injini iliyopoa kabisa. Gari limelala hapa usiku kucha. Mshale wa joto haupandi, hita inatoa hewa ya vuguvugu na mafuta yanakwenda kuliko kawaida. Nawasha injini na kushika hozi ya juu ya rejeta. Thamostati nzima huyazuia maji ndani ya injini mpaka yafikie joto la kuifungua, hivyo hozi hukaa baridi dakika kadhaa, kisha hupata moto ghafla. Hii inapata joto polepole tangu mwanzo, sambamba na injini. Basi thamostati imekwama ikiwa wazi, au kuna mtu aliitoa.

Kipimo hiki ni cha injini ambayo thamostati yake imekaa pale maji yanapotokea. Kama imekaa upande wa kuingilia, karibu na pampu, shika hozi ya chini.

Saa 2:15. Injini imezimwa kabla haijapata moto. Namwaga maji kupitia koki ya rejeta mpaka yashuke chini ya kifuniko cha thamostati. Lita 2 au 3 kwa kawaida zinatosha. Boliti zinahitaji subira. Boliti ya chuma iliyokaa miaka ndani ya aluminiamu huoza na kung'ang'ania, na ukiilazimisha inakatika. Nainyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, naigonga kichwani kidogo, kisha naizungusha mbele na nyuma robo robo.

Thamostati ipo. Kwenye mdomo wa vali umebanwa uzi wa silikoni nyekundu, mwembamba kama tambi, uliomeguka kutoka kwenye gundi ambayo mtu aliipaka kwa wingi. Vali imebaki wazi milimita 2 hivi. Springi nayo imeshika kutu, kwa hiyo hairudi kazini hata nikiisafisha.

Saa 3:00. Hapa ndipo pa kutumia akili. Ukingoni imepigwa namba 82, yaani joto la kuanza kufunguka kwa nyuzi za Selsiasi, lakini siiamini peke yake. Katika gari la zamani huenda aliyepita aliweka chochote alichopata. Naangalia kitabu cha ufundi kwa namba ya injini, kwa maana gari la jina moja linaweza kuwa limetoka na injini tofauti kadri miaka ilivyopita. Kitabu nacho kinasema 82.

Kwenye magari ya umri huu utakutana na 76.5, 82 na 88. Wengi hupenda kushusha, wakiamini injini itapoa zaidi. Thamostati huamua joto la chini kabisa la kufanyia kazi; haiwezi kuzuia joto la juu. Injini inayochemsha na 82 itachemsha na 76.5 pia, ila itachelewa kidogo, kwa sababu ugonjwa uko kwenye rejeta iliyoziba, feni, pampu au mfuniko wa rejeta. Tena kwa thamostati ya nyuzi za chini oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na silinda zinalika haraka.

Kuitoa kabisa ni kubaya zaidi kwenye injini zenye thamostati ya sahani mbili. Ile sahani ndogo ya chini huziba njia ya mzunguko mfupi vali inapofunguka. Bila hiyo, maji mengi ya moto yanarudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta, na gari lililotolewa thamostati "ili lipoe" linachemsha mlimani.

Kwa hiyo ninayotafuta lazima ilingane na ya zamani kwa nyuzi, kipenyo cha ukingo, urefu wa jumla na sahani ya chini. Napima kwa kalipa, si kwa macho: za kipenyo cha milimita 52 na 54 zinafanana mkononi, lakini 52 inacheza kwenye kitako cha 54 na maji yanapita pembeni. Natazama pia kama ina kipini kidogo kinachochezacheza ukingoni. Hicho ndicho hutoa hewa.

Saa 4:30. Mpya napima kabla ya kufunga. Naibana uzi kwenye vali na kuining'iniza ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, kipimajoto kikiwa karibu nayo. Maji nayachochea, joto nalipandisha polepole. Ikianza kufunguka inadondoka kutoka kwenye uzi; nakubali tofauti ya nyuzi 2 na namba iliyopigwa. Kwenye nyuzi 95 vitabu vingi hutaka vali iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Penye mwinuko wa mita 1500 hivi maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo usisubiri kipimajoto kipande zaidi.

Saa 6:00 mchana. Kufunga. Kitako kinakwanguliwa gasketi ya zamani bila kuchimba aluminiamu. Upande wenye springi na kopo la nta, ile inayovimba kwa joto na kusukuma vali, unaelekea injini, kipini kinakaa juu kabisa. Gasketi mpya naiweka kavu, bila silikoni. Boliti za milimita 6 zinatosha kwa nguvu ya kukazia ya Nm 10 (nyutoni-mita) hivi, zikikazwa kwa zamu. Ukizidisha upande mmoja, kifuniko kinapinda na kuvuja.

Saa 7:00. Kulanti, yaani dawa ya kupoozea injini, nachanganya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Pua ya gari imeinuliwa, hita imefunguliwa mwisho, nakamua hozi kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Injini ikiunguruma, hozi ya juu inabaki baridi, halafu inapata moto ghafla na maji yanashuka kwenye rejeta. Naongeza, nafunga mfuniko.

Saa 9:30. Barabarani mshale unapanda na kutulia karibu na katikati, hauyumbi kwenye mwinuko. Gari linabaki hapa lipoe. Kesho asubuhi, kabla ya kuwashwa, rejeta inafunguliwa na kujazwa pengo lililoachwa na hewa iliyobaki.