Msharika wa mwaloni na bahasha yake

Mwanza kuna Wakristo wengi ambao ukiwauliza wanasali wapi, wanajibu bila kusita. Uliza jumuiya yao ni ipi na mzee wao wa kanisa ni nani, wanaanza kutazama ziwa. Jumapili watu ni wengi, unaweza kukosekana miezi miwili na hakuna aliyegundua. Jumuiyani, kwenye nyumba chache za jirani, ukikosa mara mbili mtu anakuja kugonga mlango. Ndiyo maana mimi uaminifu wa msharika, yaani muumini wa usharika, naanza kuupima huko.

Naandika kwa mazoea ya KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Makanisa mengine mambo ni hayo hayo, majina tu yanatofautiana.

Kinacholeta maneno mengi ni bahasha, ile ya kutolea sadaka uliyoahidi. Watu wa mwaloni, yaani wanaoishi kwa uvuvi ufukweni mwa ziwa, hukosea tangu kwenye kujaza ahadi: wanajaza kama mwalimu mwenye mshahara wa kila mwezi. Mvuvi wa dagaa hana mwisho wa mwezi, ana giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi. Mbalamwezi ikikomaa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapandishwa mchangani na fedha inakatika. Basi aliyeko Kayenze au Igombe apange ahadi yake kwa giza, atenge siku anayouza, asingoje tarehe 30 wakati mfuko umeshakauka. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 16:2, anawaambia watu waweke akiba kila juma kwa kadiri walivyofanikiwa. Giza likiwa baya, mwambie mzee wa kanisa mapema ahadi ipunguzwe. Hakuna dhambi hapo. Tatizo ni yule anayetaja milioni kwenye harambee kwa sababu kipaza sauti kimemfikia, kisha anaanza kupita njia ya nyuma.

Fungu la kumi nalo lihesabiwe kwa kile kinachoingia mkononi mwako. Tuseme dagaa wameuzwa 1,200,000. Petroli, chaji ya betri za taa na usafiri vimekula 500,000, zimebaki 700,000. Kama mmekubaliana nusu kwa nusu, tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anabaki na 350,000 na fungu lake la kumi ni 35,000. Wavuvi wanne wakigawana nusu yao, kila mmoja anapata 87,500 na anatoa 8,750. Ukitoa kwenye mauzo yote utafilisika. Na tajiri anayepeleka bahasha nono madhabahuni ilhali wavuvi wake hawajalipwa anatoa fedha ya watu, awalipe kwanza.

Kwenye bahasha andika namba yako, tarehe na kiasi. Noti iliyotupwa kikapuni bila bahasha inahesabiwa sadaka ya kawaida, halafu mwisho wa mwaka unalalamika kadi yako haina kitu. Ukiwa visiwani tuma kwa simu, ila kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la usharika, si ya mtu binafsi, hata awe mwinjilisti unayempenda. Kisha mtumie mhazini ujumbe wenye jina lako na namba ya bahasha, na uutunze ujumbe wa malipo. Asipoona jina, hawezi kubuni.

Ukihamia kambi ya uvuvi kwenye kisiwa cha Kome au Ukerewe kwa muda mrefu, chukua barua ya utambulisho kwa mchungaji kabla ya kupanda kivuko. Iseme umebatizwa lini na wapi, kama umepata kipaimara, hali ya ndoa yako, na kwamba unashiriki Chakula cha Bwana. Wengi huikumbuka mtoto anapotaka kubatizwa, au ndoa ikishakaribia na matangazo ya Jumapili tatu hayajaanza. Wakati huo mchungaji wa kule hakujui, wa huku hajakuona tangu Krismasi, na simu zinapigwa usiku. Ukifika, ipeleke kwa mzee wa kanisa wiki hiyo hiyo na uulize jumuiya inakutana siku gani. Ukirudi mjini, omba nyingine kutoka huko.