HSP70 kwa mgonjwa mahututi: ilikuwa wapi, na saa ngapi?

Kila linapoletwa jibu la maabara lenye HSP70 (heat shock protein 70, protini ya mshtuko wa joto) ya mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyofanya mwitikio wa mwili uharibu viungo vyake, nina maswali mawili kabla ya kuitazama namba. Protini hii ilikutwa ndani ya seli au nje yake? Na damu ilitolewa saa ngapi tangu mgonjwa azidiwe? Usiku huu nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa maabara na wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kwa sababu naona namba hiyo ikisomwa kama sukari ya damu, ya juu au ya chini, basi.

Jina lenyewe limechangia kutupotosha. Mwaka 1962 Mtaliano Ferruccio Ritossa alichapisha alichokiona kwenye tezi za mate za funza wa nzi wa matunda: joto la inkubeta lilipopanda, kromosomu zilifura mahali ambapo kwa kawaida hazifuri. Ilipofika 1974 ndipo protini zenyewe zilipoonyeshwa, nazo zikabaki na jina la mshtuko wa joto. Lakini hata ile makala ya kwanza ilitaja kemikali ya dinitrofenoli sambamba na joto. Kukosa oksijeni, metali nzito, damu kurudi ghafla kwenye kiungo kilichokuwa kimenyimwa, yote huziamsha. Namba 70 ni uzito tu, kwa kilodaltoni.

Ndani ya seli, HSP70 ni kama kungwi. Humshika mwari, yaani protini iliyoanza kukunjuka vibaya, humtenga asigandamane na wenzake, kisha humwachia akiwa amekaa umbo lake. Kazi hiyo hula ATP, nishati ya seli, na HSP40, protini msaidizi, ndiye anayemleta mwari mlangoni. Seli ikiwa tulivu, HSP70 na HSP90 humshikilia pia HSF1, mwamrishaji wa jeni hizi. Protini zilizoharibika zikiongezeka, makungwi hukimbilia huko. HSF1 hubaki huru, molekuli zake tatu hushikana, huingia kwenye kiini na kuamuru HSP zaidi. Zikishatosha, humshika tena HSF1 na agizo hukatika.

Kwenye monositi na makrofaji, seli nyeupe zinazomeza vijidudu kwenye damu na kwenye tishu, HSP70 ya ndani hubana njia ya NF-kB, ile swichi inayozalisha TNF na IL-6, ishara zinazowasha kinga. Pia huzuia seli isijiue, kwa kuivuruga protini Apaf-1 isijenge mtambo wa kifo. Hapa ndipo ninapositasita nikisikia mtu akisema HSP70 "inalinda". Inalinda seli ipi? Katika sepsisi nyutrofili, seli nyeupe za shambulio la kwanza, huchelewa kufa na kuendelea kuchoma tishu za mapafu, ilhali limfositi, seli nyeupe za kinga mahususi, hufa kwa wingi na kumwacha mgonjwa bila akiba ya kinga. Kuirefushia maisha nyutrofili na kuirefushia limfositi si jambo moja.

Wakati nao una ukali wake. Panya waliopashwa joto mapema, wakaachwa wapumzike, kisha wakapewa endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) au kutobolewa utumbo, walinusurika zaidi kuliko wenzao. Ukigeuza mpangilio, seli zikakutana na inflamesheni (mwako wa kinga) kwanza halafu joto likafuata, hujiua kwa wingi. Mwaka 2001 watafiti waliuita mgongano huu kitendawili cha mshtuko wa joto. Mgonjwa anayefika kwetu ameshawaka tayari. Yuko upande wa pili wa kitendawili. Ndiyo maana nasema wazi: matokeo ya panya hawa si ruhusa ya kumfunika mablanketi mtoto mwenye homa "atoe jasho".

Sasa nje ya seli, mahali palipozua ubishi mkubwa. HSP70 hutoka seli inapopasuka, na nyingine husafirishwa ndani ya vifuko vidogo vya utando. Mwaka 2000 ilichapishwa kwamba HSP70 ya nje huziamsha monositi kupitia CD14, kipokezi kilicho juu ya utando wake. Habari ilivutia: protini ya ndani, ikionekana nje, inapiga king'ora. Tatizo ni kwamba CD14 ndiyo pia mlango wa endotoksini, na HSP70 nyingi za kununua hutengenezwa ndani ya bakteria E. coli. Mwaka 2003 Gao na Tsan walionyesha kwamba katika maandalizi waliyoyapima, TNF ilitokana na uchafu wa endotoksini, si protini.

Anayetaka kumwagia seli HSP70 leo asitegemee tahadhari moja. Pima endotoksini kwa LAL, kipimo chake cha maabara, ukipima mchanganyiko ule ule utakaoumwagia seli. Cheti cha muuzaji hakitoshi, kwani monositi huitikia hata pikogramu chache kwa mililita. Weka kisima (kitundu cha sahani ya majaribio) chenye dawa ya polimiksini B, ukikumbuka kwamba huikamata endotoksini lakini haizigusi lipoprotini na flajelini za bakteria. Weka kingine ambacho protini imesagwa kwa kimeng'enya cha proteinezi K. Mwitikio ukibaki vile vile, aliyepiga king'ora si HSP70. Kuchemsha peke yake kunadanganya: tumezoea kusema endotoksini haiogopi moto, lakini ikiwa kidogo sana nayo hupungua nguvu, hivyo mwitikio ukizimika baada ya kuchemsha hujathibitisha kitu.

Kuipima kwa mgonjwa kuna mitego ya aina nyingine. Kwa HSP70 ya ndani ya monositi tunatumia flosaitomita, mashine inayopima seli moja moja kwa mwanga. Chukua damu kwenye tyubu ya EDTA inayozuia damu kuganda, ifike maabara ndani ya saa 2, kwa sababu seli zinazongoja kwenye benchi la joto huanza kujibu mazingira yako badala ya ugonjwa. Paka kingamwili ya CD14 kwa nje, vunja seli nyekundu, gandisha kwa paraformaldehaidi, kisha toboa utando kwa saponini ya 0.1%. Saponini hii ibaki kwenye kila maji ya kuoshea: ukiiondoa, matundu hujifunga na kingamwili haipiti. Chagua kloni ya kingamwili inayotambua HSP70 ya dharura pekee, mfano C92F3A-5. Ukichukua inayokamata pia HSC70, ndugu yake anayekuwepo siku zote, kila mgonjwa atang'aa na hutaona tofauti.

Kipimo cha kulinganishia kitengeneze mwenyewe. Gawa damu ya mtu mzima mwenye afya mara mbili. Nusu moja iweke kwenye maji ya nyuzi 42 kwa saa 1, kisha irudi 37 kwa saa 4 hivi. Wengi husahau hizo saa 4, hupima hapo hapo na kulaumu kingamwili, wakati seli haijapata muda wa kuunda protini. Tumbukiza kipimajoto ndani ya maji, usiamini kioo cha mashine. Ukifika 45 unapika.

Kwa plazma na ELISA, kipimo cha protini kwa kingamwili kwenye sahani, adui ni seli nyekundu. Zina HSP70 na HSC70 zake, kwa hiyo sindano nyembamba, tyubu iliyotikiswa au damu iliyovutwa kwa nguvu kutoka kwenye mpira wa mshipani hupandisha namba bila mgonjwa kubadilika. Plazma ya pinki ikataliwe. Zungusha kwenye sentrifuji mara moja, hamisha plazma bila kugusa tabaka jeupe la seli nyeupe, zungusha tena, kwani chembe sahani zilizobaki hupasuka kwenye friza. Gawa vichupa vya ml 0.5, weka nyuzi 80 chini ya sifuri, na kilichoyeyushwa kisigandishwe tena.

Kuna sababu ya kung'ang'ania hivi. Glutamini, aina ya asidi amino, huongeza HSP70 kwenye maabara na kwa wanyama, na kwa miaka mingi ilionekana ni jambo la huruma kumpa mgonjwa mahututi. Utafiti wa REDOXS, uliochapishwa 2013, ulichukua wagonjwa 1,223 waliokuwa wakipumulia mashine na wenye viungo viwili au zaidi vilivyoshindwa. Waliopewa glutamini walikufa 32.4% ndani ya siku 28, wasiopewa 27.2%, kufikia miezi 6 tofauti ilikuwa dhahiri. Mwaka 2022 wagonjwa 1,200 wa majeraha makubwa ya moto waligawanywa, wengine wakapewa glutamini gramu 0.5 kwa kilo kwa siku na wengine dawa bandia, na waliopewa glutamini hawakutoka hospitali mapema zaidi. Idadi hizo hunikaa rohoni. Mantiki ilikuwa nzuri, nia ilikuwa njema, na bado waliolala vitandani ndio waliolipa.

Kwa hiyo kwenye fomu ya sampuli naomba ijazwe saa ya kutoa damu, saa mgonjwa alipoingia ICU, joto lake wakati huo, kama amepewa dawa ya kushusha homa au steroidi, kama ametiwa damu ndani ya siku hiyo, na sampuli ilitoka mshipani moja kwa moja au kwenye mpira. Halafu neno moja mbele ya namba: monositi, limfositi, au plazma.