Siku Moja Maishani Mwangu: Mtungi Unaobebwa na Shingo Yake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, hapa Njoro, nilichovya kijiti cha kupimia ndani ya mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, nikakitoa na kukipunga hewani hadi jalidi nyeupe ikaonekana, ikionyesha kina cha nitrojeni: sentimita 14. Humo, katika nyuzi 196 chini ya sifuri, ndimo hulala mirija ya mbegu za fahali, ambazo kazi yangu ni kuwapandikizia ng'ombe wa wakulima. Wakulima huniita daktari. Vijana wa stendi huniita fahali, nami nimezoea.

Kufikia saa sita nilikuwa nimehudumia ng'ombe watatu upande wa Mau Narok, bila tatizo.

Saa saba, karibu na Elburgon, mzee mmoja alinipokea kwa ukarimu uliopitiliza. Kabla sijashuka vizuri kwenye bodaboda alikuwa ameunyakua mtungi, akawa anaubembeza kama ndoo ya maziwa, kisha akautua juu ya jiwe kwa kishindo.

"Pole mzee, huo haubebwi hivyo."

"Kwani si chuma, daktari?"

Nilimweleza, huku mtamba wake akisubiri, kwamba alumini anayoiona ni ganda tu. Chombo chenye nitrojeni kinaning'inia ndani yake, kimezungukwa na nafasi isiyo na hewa, na kinachokibeba ni shingo ya faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ya rezini, ambayo haipitishi joto kwa wepesi kama chuma. Katika baridi hiyo faibaglasi hukakamaa na kustahimili kuvutwa kwa nguvu kubwa kuliko ikiwa na joto la kawaida, lakini rezini hupoteza unyumbufu, hivyo kishindo cha ghafla huweza kuitia ufa. Isitoshe, gundi husinyaa kwa baridi mara kadhaa zaidi ya nyuzi inazozishika, na mvutano huo huweza kuzaa nyufa ndogo zisizoonekana. Ufa ukipenya, hewa huingia, na nitrojeni huchemka yote ikaisha.

"Sasa daktari, ulisomea ng'ombe au vyuma?"

Sikumjibu. Mtungi wangu wa kwanza ulikufa hivyo hivyo: shingo iliota jalidi kwa nje mchana, na kufikia jioni mbegu zote mirijani zilikuwa zimeyeyuka, hasara juu yangu.

Kutoka hapo sikumbuki saa vizuri. Kulikuwa na matope, ng'ombe wawili wengine, na barabara ya Molo yenye mashimo, mtungi ukiwa wima mapajani mwangu huku kila baada ya kilomita chache nikiipapasa shingo yake kwa kiganja. Usiku nilirudia kijiti: sentimita 13, shingo kavu.