Mkutanikapo mpate kula

Somo: 1 Wakorintho 11:17–34

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Majilio yameingia, na huku mlimani Kilimanjaro simu zimeanza kulia. "Bibi, mwaka huu wanakuja wangapi?" "Mama, mbuzi tununue huko au tuje naye?" Nyumba nyingi za Uchaggani mwaka mzima ni za wazee wawili na mjukuu mmoja wa kusaidia kukata majani ya ng'ombe. Ikishapita Desemba 20 zinajaa, watoto wanalala wamepangana chini sebuleni, na mlango wa jikoni haufungwi. Watu wa mikoa mingine hututania kwamba Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Utani huo una ukweli wake, maana mzazi huhesabu kweli. Macho yakipita juu ya vichwa vile, anayeonekana kwanza ni yule ambaye hayupo.

Kwa ajili ya huyo asiyekuwepo nimeomba tusome maneno haya ya Paulo. Tumezoea kuyasikia siku ya Chakula cha Bwana, na siku hiyo tunaanzia katikati, pale anaposema Bwana Yesu usiku ule aliotolewa alitwaa mkate. Anzeni juu kidogo. Paulo anagomba. Wakristo wa Korintho, mji wa bandari wenye matajiri na watumwa, walikutana majumbani kula pamoja, na kila mtu alitangulia kutwaa chakula chake mwenyewe. Mwenye nacho alifika mapema, akala, akanywa. Asiye na kitu alifika akakuta wenzake wameshiba. Paulo anasema, "hata huyu ana njaa, na huyu amelewa." Kisha anawauliza kama wanataka kulidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Na mwisho wa ugomvi wote ule agizo lake ni fupi: "Kwa hiyo, ndugu zangu, mkutanikapo mpate kula, mngojane."

Hakuwaambia wapike vizuri zaidi, wala waongeze michango. Aliwaambia wangojane.

Mimi nimepika machalari, ndizi zetu za nyama, tangu nikiwa msichana, na chakula hicho chenyewe kimenifundisha agizo hili. Unachagua ndizi za mshare zilizokomaa ambazo bado ni mbichi. Unapaka mafuta mikononi na kwenye kisu, la sivyo utomvu utaganda kwenye vidole mpaka kesho. Wanawake na mabinti wanakaa kuzunguka beseni, wanamenya, na maganda yanakwenda kwa ng'ombe na mbuzi. Nyama yenye mifupa imeshatangulia jikoni na chumvi na kitunguu, inachemka polepole hadi inalainika. Ndizi zinaingia kwenye supu ile ile, nyanya na karoti juu yake, chungu kinafunikwa kwa jani la mgomba, na moto unapunguzwa. Hapo hakuna wa kukoroga koroga, ndizi zitavurugika. Unakishika chungu kwa matambara, unakitikisa kidogo, unakirudisha, mnaendelea kuongea. Habari nyingi za familia nimezisikia wakati huo, chungu kikiwa bado hakijaiva. Huyu anaeleza kazi ilivyokwisha, yule anamwambia shangazi yake jambo ambalo kwenye simu asingelisema.

Na kikiiva, ndizi zote zimekunywa supu. Hata aliyepakuliwa asipate pande la nyama, amekula nyama. Mwenye gari na aliyekuja kwa kuunganisha magari wanakula kitu kimoja, kutoka chungu kimoja. Siku hizi naona familia zinakodi wapishi, mahoti poti yanapangwa mezani, watu wanapanga foleni na kujipakulia. Pilau si dhambi, na shughuli kubwa zina mahitaji yake. Lakini kwenye foleni ile aliyefika wa mwisho hukuta masufuria yamekwanguliwa, na watoto wa mwenye shughuli wanakuwa wa kwanza kila mara. Korintho ilikuwa hivyo hivyo.

Pesa ikiwa haba, kuna kiburu. Ndizi, maharage, magadi kidogo, basi. Ndicho chakula cha siku za kawaida, na wajukuu wangu wakifika kutoka Dar es Salaam ndicho wanachokiulizia kabla ya nyama. Mithali 15:17 inasema, "Chakula cha mboga penye mapendano, ni bora kuliko ng'ombe aliyenona pamoja na kuchukiana." Sisi wazazi tuliusoma mstari huu tangu kipaimara. Tuufanye kweli mwaka huu, kwa sababu yapo mambo yanayoumiza watoto wetu na tunayaacha yapite.

Nitasema wazi. Kwenye makundi ya familia ya WhatsApp inabandikwa orodha ya michango ya Krismasi. Jina na kiasi, jina na kiasi. Kaka mkubwa ametoa laki tatu, dada laki mbili, na chini kabisa kuna jina moja lenye kistari mbele yake. Orodha inabandikwa Jumatatu, inabandikwa tena Ijumaa, kile kistari bado kipo, na wajomba na mawifi wote wanakiona. Mwenye jina lile anajua kinachomngoja nyumbani. Wiki moja kabla ya sikukuu anapiga simu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakuja lini?"

"Mama, mwaka huu mtanisamehe. Kazini hawajatoa ruhusa."

Mama anayemjua mtoto wake anasikia kwamba suala si ruhusa. Huku ndiko kuwatahayarisha wasio na kitu, na tunafanya sisi tulioimba pambio Jumapili. Michango ipo, na lazima iwepo, maana mbuzi haanguki kutoka mbinguni. Lakini mweka hazina wa familia anaweza kumpigia kila mtu peke yake. Jumla inatosha kutangazwa. Nani katoa nini abaki nayo yeye na Mungu.

Nauli nayo ni mzigo. Kila Desemba LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hutoa vibali vya magari ya ziada kuja huku kaskazini na bado stendi hujaa. Treni ya abiria iliyorudi Moshi Desemba 2019, baada ya miaka zaidi ya ishirini, imewasaidia wengi wasioweza nauli ya basi. Hata hivyo yupo ambaye hata hiyo hana. Ndugu watatu wakiweka pamoja nauli ya mmoja, wamefanya jambo kubwa kuliko kreti za soda.

Na akifika? Someni Yohana 21. Petro alikuwa amemkana Bwana mbele ya moto wa makaa. Sasa anatoka ziwani amelowa, anafika ufuoni anakuta moto wa makaa tena, samaki wako juu yake, na mkate. Chakula kilikuwa tayari kabla wao hawajaleta chochote. Baada ya hapo ndipo Bwana akasema leteni na hao mliovua, nao mchango wao ukapokelewa. "Njoni mfungue kinywa." Yale maswali mazito ya kumpenda na kulisha kondoo aliyauliza baadaye. Biblia inaonyesha wazi wakati wake: "Basi walipokwisha kula."

Wazazi wenzangu, na hasa sisi akina bibi wenye ulimi mwepesi, tuache mtoto ale kwanza. Asiulizwe mlangoni kwa nini hajaoa, kwa nini amekonda, kwa nini biashara ilikufa, gari lile liko wapi. Mpokee begi, mpe maji anawe, mpakulie. Kama ndugu wengine wameshakaa mezani na yeye yuko njiani anapanda kutoka barabara kuu, sala ya chakula ingoje. Watoto wadogo wapewe chao, wakubwa hawatakufa kwa nusu saa.

Wiki hii, katika jumuiya zetu, kila familia imtafute mmoja ambaye hajasema kama anakuja. Apigiwe na mtu anayempenda, si mweka hazina. Aambiwe aje mikono mitupu, ndizi ziko shambani.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyewapikia wanafunzi wako ukiwa umefufuka, wakumbuke watoto wetu walio Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na nchi za mbali. Walinde watakaosafiri usiku, wape madereva macho na subira. Yule anayeona aibu kurudi mtoe aibu hiyo. Na sisi tulioko nyumbani tupe moyo wa kumngoja, mpaka aingie, anawe, aketi pamoja nasi. Amina.