Bivi ya kujishonea: vita dhidi ya mvuke, Juni hadi Agosti

Ushonaji wa bivi yangu, yaani mfuko mwepesi wa nje unaovalishwa juu ya mfuko wa kulalia ili mtu alale porini bila hema, ulikamilika kabla ya masika. Kilichobaki ni maji. Kila nilipolala kwenye uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, asubuhi niliukuta upande wa ndani wa kitambaa cha juu umejaa matone, na mfuko wa kulalia, uliojazwa manyoya ya bata, umelowa kifuani na miguuni hata pale ambapo usiku haukuwa na mvua wala ukungu. Manyoya yakilowa hushikana na kusinyaa, na yakisinyaa hayatunzi joto tena, kwa hiyo kwenye baridi ile jambo hili si la kupuuzwa.

Maji hayo yanatoka kwa mlalaji mwenyewe. Mtu aliyelala, hata asipotoka jasho, hupoteza kwa pumzi na kwa ngozi takriban gramu 30 za maji kila saa, na katika usiku mzima hiyo ni robo lita hivi. Hewa yenye joto la nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 za mvuke katika kila mita ya ujazo, ilhali ikishuka hadi nyuzi 0 haiwezi kubeba hata gramu 5. Kinachozidi hujishika kwenye kitu cha kwanza chenye baridi inachokikuta, nacho ni kitambaa. Kitulo iko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na kati ya Juni na Agosti jalidi huanguka kwenye nyasi zake.

Ili nisidanganywe na viganja vyangu, ambavyo huita kila kitu cha baridi kuwa kimelowa, nilianza kupima bivi na mfuko wa kulalia kwa mizani ya jikoni, jioni na alfajiri. Tofauti ya uzito ndiyo maji yaliyonaswa.

Juni niliishughulikia sehemu ya juu. Kitambaa cha awali kilikuwa naironi iliyopakwa plastiki, ambayo huzuia mvua na mvuke kwa usawa, hivyo nilikifumua na kuweka naironi nyembamba isiyopakwa kitu, niliyoipata kwa kuchanachana jaketi za mitumba za soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kabla ya kukata nilikijaribu kila kipande kwa kukifunga kwenye mdomo wa kopo lenye maji ya moto na kushika kioo juu yake: kioo kikipata ukungu haraka, kitambaa kinapitisha. Sehemu ya chini niliiacha na plastiki yake, ila nimeipandisha ubavuni kiasi cha upana wa kiganja ili maji ya ardhini yasipenye kwenye mshono. Uzito wa maji ulipungua kwa karibu nusu, nami niliridhika kwa muda.

Pumzi ilikuwa bado imo ndani. Baridi inapozidi, mtu huzamisha uso bila kujua, na kila pumzi huingia moja kwa moja kwenye manyoya. Nimefungua dirisha pana la chandarua usoni, nikaliinua kwa upinde mwembamba wa fimbo ya hema kuukuu ili lisiguse pua. Nilikwepa chandarua chenye dawa, kwa kuwa kitu kinachokaa karibu na mdomo usiku kucha nisingependa kiwe na kiuatilifu. Kichwa sasa kinavaa kofia nzito ya sufu, na uso unabaki nje ya mfuko wa kulalia.

Hatua ya Julai ndiyo iliyonishangaza, maana haikuhitaji sindano. Kitambaa kinachotazama anga isiyo na mawingu hutoa joto lake kuelekea juu hadi kinakuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka, na hapo mvuke hugeuka matone mapema zaidi. Nilitandaza turubai jepesi juu ya bivi, nikaliacha wazi pande zote ili upepo upite, na bivi ikaamka karibu kavu huku turubai lenyewe likidondosha umande. Kwa maoni yangu turubai hilo limefanya kazi kubwa kuliko kitambaa nilichohangaika kukitafuta. Mahali pa kulala pana nafasi yake pia: hewa baridi hutiririka na kutulia mabondeni, hivyo mwinuko mdogo juu ya kijito ni bora kuliko ukingo wa kijito chenyewe, ingawa huko ndiko maji ya chai yaliko.

Miguuni bado pana tatizo. Vidole hukisukuma kitambaa cha juu, manyoya yanabanwa, na penye mbano matone hutokea. Mwezi huu nimeongeza kipande cha pembetatu ili sehemu hiyo iwe na kina zaidi, pamoja na tundu la hewa lililofunikwa kwa kijikofia kidogo kinachoelekea chini. Tundu hufanya kazi pale tu upepo unapokuwepo. Wakati wa masika, hewa ya nje ikiwa tayari imeshiba mvuke, sitarajii lisaidie sana, kwa hiyo kwa majira hayo ninakata turubai refu zaidi litakalofunika hadi miguuni, na mfuko wa manyoya nitaubadilisha na ule wa poliesta, ambao ni mzito lakini hutunza joto hata ukilowa.