Noah, godoro la inchi nne na milima ya dirishani

Kwa miaka zaidi ya ishirini nimeijua milima ya Usambara kupitia kioo cha basi. Kila Desemba nikitoka Dar kwenda kwetu Same, tukishapita Korogwe inaanza kutufuata upande wa kulia. Mombo basi linasimama, nanunua mahindi ya kuchoma, nakitazama kibao cha Lushoto, konda anagonga bodi, tunaondoka. Sisi tunaokwenda nyumbani hatuna ruhusa ya kukata kona. Ukikata kona, mama atauliza ulikuwa kwa nani.

Mwaka huu, wiki ya Sabasaba, tulikata kona.

Gari lenyewe ni Noah ile ya zamani ambayo injini iko chini ya siti za mbele, ukiendesha saa tatu unaiva upande wa chini kama chapati. Kazi yake ya kila siku ni kubeba mzigo wa duka. Fundi seremala wa mtaani aling'oa siti za kati na za nyuma, akaweka chaga ya mbao inayokunjwa mara mbili, halafu tukalikata godoro la inchi nne kwa kisu cha mkate. Mke wangu alishona mapazia kwa kitenge kilichobaki kwenye sare za harusi ya mdogo wake. Ongeza mtungi wa gesi wa kilo sita wenye jiko kichwani, ndoo mbili za maji zenye vifuniko na sufuria tatu. Najua wenzetu wa Ulaya wana magari ya namna hii yenye sinki na choo. Choo cha letu kilikuwa ni ubinadamu wa watu tutakaowakuta mbele ya safari.

Bajeti ilikuwa laki tano kwa siku sita, watu wawili. (Mimi Mpare. Utani wenu wa ubahili naujua wote, endeleeni kusoma.) Mafuta yalikula karibu laki tatu. Elfu thelathini nyingine ilibaki kwa trafiki kabla hatujafika Segera, na sikubishana, maana tochi ilisema 63 mahali pa 50 na ilisema kweli.

Kutoka Mombo kwenda Lushoto hazifiki kilomita arobaini, lakini ni kilomita za kusimama wima. Barabara imebanwa kati ya jabali na korongo, kila kona unapiga honi na kuomba anayeshuka awe amekusikia. Mombo tulikuwa tunajipepea kwa karatasi. Soni, penye maporomoko, mke wangu alishapandisha kioo. Lushoto akaanza kutafuta sweta. Wajerumani waliokuja kujipumzisha hapa na joto la pwani waliuita mji huu Wilhelmstal, na ukishashusha pumzi yako ya kwanza pale unaelewa kwa nini waling'ang'ania.

Usiku wa kwanza tulilala Irente, uani kwa watu, kwa elfu kumi. Asubuhi tukatembea hadi ukingoni. Sijui niseme nini kuhusu pale. Ardhi inakwisha. Chini, mbali sana, kuna Mazinde na mistari ya mkonge iliyonyooka kama nywele zilizochanwa, na katikati yake uzi mwembamba wa kijivu, na juu ya uzi kuna kitu kinatambaa. Nilichukua muda kutambua kwamba lile ni basi, na ule uzi ndiyo barabara yangu ya Desemba. Miaka yote ile nilikuwa natambaa namna ile, shingo imepinda, nikijiuliza huku juu wanaishi akina nani.

Siku ya tatu tukaelekea Mtae, mwisho kabisa wa milima. Tulipita msitu wa Magamba, mbega wakiruka juu yetu na mikia yao myeupe, kisha Lukozi kwenye malori ya kabichi. Mbele huko lami ikatuaga. Kwenye mteremko mmoja mrefu ikaja harufu kama ya plastiki inayoungua, na pedeli ya breki ikawa laini mguuni. Nikasimama kwa kuegemea ukuta wa udongo, magoti yakicheza. Dereva wa Fuso aliyekuwa nyuma yetu alishuka, akainama, akanusa tairi moja tu.

"Kaka, hizi umezichemsha. Breki ni ya kugusa, siyo ya kushikilia. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia."

Nikamwambia gari ni otomatiki. Akanyoosha kidole kwenye herufi L, gia ndogo ya milimani. Miaka minne nina gari hili na ile L nilidhani ni pambo. Tulikaa nusu saa breki zipoe, yeye akikaa nasi, mzigo wake ukingoja.

Mtae tulifika jioni, ukungu unapanda kutoka bondeni kama moshi wa jikoni. Unaweza kudhani kulala garini ni kutosumbua mtu. Nadharia hiyo ilidumu mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, aliyetuandika kwenye daftari la wageni, akauliza mara mbili kama kweli hatuna pa kulala, akatupeleka kwa bibi mmoja mwenye ua mkubwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mnalala humo? Mmegombana na nani?"

Tukaeleza. Akasikiliza kwa upole anaoupata mtu anayetetea jambo la kijinga. "Nina vyumba vinne, watoto wote wako Tanga na Dar. Nyinyi mlale kwenye gari kama kuku wa mnadani?"

Tulifikia suluhu: kulala garini, lakini kuoga na kula ni ndani. Makande, chai ya tangawizi, maji ya moto kwenye beseni. Saa nane usiku suluhu ilivunjika. Bati la gari linapitisha baridi kuliko nilivyowahi kuambiwa, na pumzi zetu zilikuwa zimegeuka matone yanayotudondokea usoni. Ukifungua kioo unaganda, ukifunga unanyeshewa. Usiku wa pili tulilala chumbani, chini ya blanketi mbili, na bibi hakusema chochote, jambo ambalo lilikuwa kali kuliko kusema.

Asubuhi ile ukungu ulipofunguka alinishika mkono hadi nyuma ya nyumba. "Umesema kwenu Same? Si pale." Ng'ambo ya bonde ilikuwa milima ya Upare, ya buluu, imejipanga. Sijawahi kuiona kutoka nje, kama vile mtu asivyouona mgongo wake. Nikampigia mama simu.

"Nipo Mtae, naiona milima yetu."

Kimya kidogo. "Uko kwa nani?"

Nikampa bibi simu. Walizungumza dakika kumi na tano, kwa salio langu, wala sikujua wanacheka nini.

Tulipoondoka chaga haikuonekana. Viroba viwili vya viazi, kabichi saba, karoti zenye majani yake, na mkungu wa ndizi ambao jirani alituletea bila hata kujua majina yetu. Tuliteremka kwa L mpaka Mombo, tukafika giza limeingia, na kwa kuwa viazi vilikuwa vimelala kwenye godoro, sisi tukalipa gesti elfu ishirini.

Asubuhi, kwenye makutano, kushoto ilikuwa Dar na duka lililofungwa siku sita. Mama alishasema kwenye simu kwamba viazi vya Mtae havitapita Mombo kwenda Dar yeye akiwa hai. Mshale wa mafuta ulikuwa robo. Mke wangu, mtungi wa gesi katikati ya miguu kwa sababu nyuma hapakuwa na nafasi, alinitazama tu, nikawasha indiketa ya kulia.