Nilivyootesha kwa moshi matete ya kuezekea

Tangu nihamie Cape Town nilitamani kuwa na dekriet bustanini, yale matete marefu ambayo watu wa huku huezekea nyumba zao. Kitaalamu ni Thamnochortus insignis, na kwao hasa ni upande wa miji ya Albertinia na Riversdale, mashariki mwa Cape Town. Hufika mita mbili. Majani huyaoni, ni mashina membamba ya kijani yenye vifuniko vya kahawia kwenye vifundo, na upepo ukivuma kichaka kizima kinainama na kuinuka. Miche inauzwa, ila mimi nilitaka kundi zima, na bei yake si mchezo. Nikaamua kuanza na mbegu.

Mbegu hizi zinataka moshi. Uoto wa asili wa huku, fynbos, umezoea kuungua, na mbegu nyingi husubiri dalili ya moto ndipo ziote. Watafiti wa bustani ya Kirstenbosch walionyesha miaka ya 1990 kwamba kwa jamii hii ya matete kinachoziamsha ni kemikali zilizomo kwenye moshi, ambazo huyeyuka katika maji.

Nilisia mwezi wa Aprili, mchana una joto na usiku umeanza baridi, maana tofauti hiyo nayo husaidia. Trei nilizijaza mchanga na mboji kidogo, nikatawanya mbegu na kuzifunika kwa mchanga mwembamba tu. Nikazipanga chini ya turubai. Pembeni, ndani ya pipa, nikawasha nyasi kavu na kuongeza mbichi juu yake. Mbichi ndizo zenye moshi mzito. Bomba likaupeleka moshi chini ya turubai ukiwa umeshapoa, kwa muda wa saa nzima. Kisha nikanyunyiza maji kidogo kidogo, yaushushe moshi kwenye mbegu bila kuusomba.

Jamani, zilipotoka! Vijimche vyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Usikate tamaa ukiviona, kwa sababu kila chipukizi jipya hurefuka kuliko lililotangulia.

Wakati wa kuhamisha, beba mche na udongo wake wote, kwani mizizi haipendi kabisa kusumbuliwa. Mbolea yenye fosforasi nyingi usiisogeze karibu. Na panda mingi pamoja: dume na jike ni mimea tofauti, huwezi kuitambua ikiwa michanga, na bila zote mbili hutapata mbegu zako mwenyewe.